Sanaa ya fraktali kwa kompyuta uliyonayo: programu za kuanzia na jinsi ya kuzitumia

Anayetaka kuanza kutengeneza picha za fraktali huniuliza swali lilelile: nipakue programu gani? Nikimtajia moja, anapakua sita. Wiki inapita, programu zote sita zimo kwenye kompyuta na picha ya kuonyesha hana. Hapa nitataja kadhaa kwa sababu ni lazima uzijue kwa majina, lakini ya kukaa nayo ni moja, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa.

Kwanza tuelewane. Fraktali ni umbo ambalo ukilisogelea unakuta vipande vinavyofanana na lenyewe, na ukivisogelea hivyo unakuta vingine tena. Chuma jani la kangaga uliangalie: kila tawi dogo la pembeni ni kangaga kamili iliyopunguzwa. Jina la fraktali lilibuniwa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, mwanahisabati mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani. Mwaka 1980, kwa msaada wa kompyuta za huko, alianza kuliona umbo ambalo leo linaitwa kwa jina lake. Kanuni yake inaenea kwenye kiganja: z = z² + c. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza c (namba ya nukta ya picha inayopimwa), jibu ulirudishe mwanzoni, rudia. Kwa kila nukta ya picha kompyuta inauliza: namba hii itatoroka ikue bila kikomo, au itabaki inazungukazunguka hapahapa? Rangi inatokana na idadi ya marudio kabla namba haijatoroka.

Kwa hiyo hapa hutachora. Utatafuta, utachagua, utapaka rangi, halafu utasubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi.

Hatua ya 1: Angalia mashine yako

Kabla ya kupakua chochote, jua mambo matatu: mfumo wa kompyuta yako (Windows, Linux au Mac), ukubwa wa RAM, na kama ina kadi ya michoro ya kujitegemea. Ukiwa na mashine ya zamani ya Windows yenye RAM ya GB 4, usikate tamaa, maana Apophysis 7X ni nyepesi mno na itakutosha kwa miezi. Ukiwa na Linux au Mac, chukua JWildfire, iliyoandikwa na Andreas Maschke. Imetengenezwa kwa Java, kwa hiyo inaenda kwenye mifumo yote mitatu. Ni ya bure, ila dirisha lake la kwanza lina vitufe vingi mpaka mtu anaweza kudhani amefungua chumba cha rubani. Usiviogope, utavitumia kama kumi tu.

Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe au hifadhi yake rasmi. Zile tovuti zinazokusanya programu za kila aina na kukuwekea vitufe vitatu vya kijani vya kupakua, zipishe.

Hatua ya 2: Zoeza jicho kwa XaoS

Anza na XaoS hata kama hutatengeneza nayo picha hata moja. Ni ndogo, ni ya bure, na kwenye Linux nyingi inapatikana moja kwa moja kwenye hazina ya programu. Shikilia kitufe cha kushoto cha kipanya na utaanza kuzama pale ulipoelekeza. Kitufe cha kulia kinakurudisha juu. Inaenda bila kusitasita kwa sababu waandishi wake wa mwanzo, Jan Hubička na Thomas Marsh, waliifanya itumie tena nukta za picha iliyotangulia badala ya kupiga hesabu yote upya.

Zoezi la kwanza ni hili. Umbo la Mandelbrot lina mwili mkubwa kama moyo uliolazwa ubavu, na duara lililogandana nao upande wa kushoto. Mahali vinapokutana kuna mfereji mwembamba. Zama hapo, karibu na namba -0.75 kwa mlalo na 0.1 kwa wima. Utakutana na mikia iliyojikunja, mmoja nyuma ya mwingine, na ndiyo maana eneo hilo limepewa jina la Bonde la Farasi wa Baharini. Ukishafika, bonyeza P. Rangi zote zinabadilika. Bonyeza tena, na tena, kama mara ishirini.

Fanya hivyo kwa makini. Umbo halijasogea hata kidogo, lakini picha moja inakuvutia na inayofuata inatia kichefuchefu. Hapo ndipo utaona kwamba kwenye sanaa hii umbo unapewa bure na hisabati, na mtu anapimwa kwa rangi. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikitafuta maumbo mapya kabla sijalikubali hilo.

Bonyeza M ukiwa umeelekeza kipanya kwenye ukingo wa umbo, nawe utahamia kwenye fraktali ya Julia ya nukta hiyo. Aliyezichunguza ni Mfaransa Gaston Julia, na kazi yake ilitoka mwaka 1918, hakuna kompyuta ya kumwonyesha alichokuwa akikiandika.

Ukizama sana utakutana na matatizo mawili ambayo wageni huyachanganya. La kwanza: mahali palipotakiwa kuwa na vinyweleo pamejaa madoa meusi laini kama tope. Hapo marudio hayatoshi. Ongeza idadi yake kwenye menyu ya hesabu. La pili: picha inavunjika miraba miraba. Hapo hakuna cha kuongeza, kwa sababu hesabu ya kawaida ya kompyuta hushika tarakimu kama 15 au 16, na wewe umezimaliza. Wanaotaka kwenda chini zaidi hutumia Kalles Fraktaler, ambayo hupiga hesabu ya nukta moja kwa tarakimu nyingi sana, kisha nukta za jirani inazihesabu kwa tofauti yake na ile moja. Mbinu hiyo ilitangazwa na K. I. Martin mwaka 2013, na kazi iliyokuwa ya wiki ikawa ya dakika. Kuna pia Ultra Fractal ya Mholanzi Frederik Slijkerman, programu ya kulipia, inayokuruhusu kupanga fraktali kwa tabaka na kutumia maelfu ya kanuni zilizoandikwa na watumiaji wengine. Ni nzuri kweli. Ila usinunue chochote mwezi wa kwanza.

Hatua ya 3: Fraktali za mwali, hapa tukae

Zile picha zinazofanana na moshi wa udi, hariri inayopepea au manyoya ya ndege asiyekuwepo duniani, nyingi ni fraktali za mwali. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Scott Draves mwaka 1992. Mark Townsend akaja kuandika Apophysis, na hapo watu wa kawaida wakaweza kuitumia kwa kipanya.

Inavyofanya kazi ni kama mchezo. Kuna nukta moja inayorukaruka. Kila mruko, kompyuta inachagua kwa bahati nasibu mojawapo ya sheria ulizoweka, na sheria hiyo inaihamishia nukta mahali pengine. Baada ya mamilioni ya miruko, palipokanyagwa sana panang'aa na palipokanyagwa kidogo panabaki na ukungu. Mwangaza unapimwa kwa logarithimu, la sivyo ule ukungu usingeonekana kabisa. Kila sheria huonyeshwa kwenye kihariri kama pembetatu yenye ncha tatu: O, X na Y. Ukiisogeza pembetatu, umebadilisha sheria.

Ukifungua Apophysis utakuta orodha ya picha zilizotengenezwa kwa bahati nasibu. Zitakushawishi, na baadhi ni nzuri. Ziache. Anayeanza na picha za nasibu hubaki akibonyeza kitufe na kungoja neema, hajui kilicholeta nini. Sisi tutaanza na ukurasa mtupu.

Fungua kazi mpya, kisha fungua kihariri. Kuna pembetatu moja. Kwenye sehemu ya namba zake andika hivi: X iwe 0.5 na 0, Y iwe 0 na 0.5, O iwe 0 na 0. Maana yake: sheria hii inapunguza kila kitu nusu na kukivuta kwenye kona. Rudufu pembetatu hiyo, na nakala yake ubadilishe O tu, iwe 0.5 na 0. Rudufu tena, O iwe 0 na 0.5. Kwenye JWildfire visanduku vya namba vimekaa kwingine lakini herufi ni zilezile O, X na Y.

Sasa tazama picha. Umepata pembetatu iliyotobolewa matundu ya pembetatu, na kila kipande kimetobolewa hivyohivyo. Ni umbo lililoelezwa na Mpolandi Wacław Sierpiński mwaka 1915. Limepoa, limenyooka, halina mvuto. Vizuri, ndivyo tunavyotaka, kwa sababu kila tutakachofanya sasa utakiona waziwazi.

Washa pembetatu ya ziada inayoitwa «final». Hii haichaguliwi kwa bahati nasibu kama zile tatu. Ni kama lenzi ambayo kila nukta hupita kabla ya kuonekana. Nenda kwenye orodha ya vibadilishi vya umbo («variations»). Weka «linear» iwe 0 na «swirl» iwe 1. Umbo linajipinda kidogo kama kitambaa kilichokamuliwa. Halafu kwenye namba za hiyo «final» andika X 3 na 0, Y 0 na 3. Picha inakuwa kubwa, ipunguze kwenye kamera. Sasa kona za mbali zimezungushwa karibu mara moja na nusu huku katikati pametulia. Kibadilishi hiki huzungusha kulingana na mraba wa umbali kutoka katikati, kwa hiyo ukiongeza ukubwa mara mbili, mzunguko unaongezeka mara nne. Ukishaelewa kimoja hivi, vingine hamsini huvionei haya.

Zima «final». Rudi kwenye pembetatu ya tatu peke yake, ile yenye O ya 0 na 0.5, uiondolee «linear» na uipe «spherical» ya 1. Kibadilishi hiki hugeuza ndani kuwa nje, na mistari iliyonyooka inatoka ikiwa tao. Mpangilio mkavu wa awali unapasuka. Sasa shika ncha ya O ya pembetatu hiyo uiburute polepole, umbali wa ukucha tu, huku ukitazama dirisha dogo. Kuna mahali mawimbi yatajipanga. Simama hapo. Hifadhi.

Kisha cheza na uzito. Kila pembetatu ina namba ya uzito inayosema itachaguliwa mara ngapi. Mbili ziache 0.5, moja uipandishe mpaka 3, uone mwanga unavyohama. Wengi hawagusi kabisa sehemu hii, na ndiyo maana picha zao zina mwanga uliosambaa sawasawa kama wa taa ya ofisini.

Kuna dirisha la mabadiliko ya nasibu pia, linalokuonyesha ndugu kadhaa wa picha uliyonayo. Sasa unaweza kulitumia, kwa sababu ukipenda kitu utaweza kufungua kihariri na kusoma kilichobadilika.

Hatua ya 4: Rangi

Kwenye programu za mwali, rangi hukaa kwenye gradienti, yaani ukanda wa rangi zinazobadilika taratibu, wa ngazi 256, na kila pembetatu ina namba ya rangi kati ya 0 na 1 inayosema inavuta sehemu gani ya gradienti. Zote tatu zikiwa na namba moja, picha nzima itakuwa na rangi moja, na utalaumu gradienti bure. Weka ya kwanza 0, ya pili 0.5, ya tatu 1. Rangi zitaanza kukutana zenyewe pale sheria zinapokutana.

Gradienti zinazokuja na programu zimeshaonwa na kila mtu. Ni bora utengeneze yako kutoka kwenye picha; Apophysis na JWildfire zote zinaweza kusoma picha ya kawaida na kuchota rangi zake. Niliwahi kupiga picha kanga iliyoanikwa nje saa sita mchana, nyekundu na nyeusi yenye pindo la njano, nikategemea makubwa. Ilitoka matope. Jua kali lilikuwa limeipausha kanga, na anga lililokuwa nyuma lilichukua nusu ya gradienti. Nikapiga tena asubuhi, kanga imejaa fremu yote, na hiyo gradienti naitumia mpaka leo. Piga picha ya kitu kimoja, karibu, kivulini.

Ukishapata gradienti, izungushe kidogo kidogo kabla ya kuitupa. Mara nyingi shida ni kwamba rangi nzuri imeangukia mahali pasipo na mwanga. Na acha giza liwepo. Picha inayong'aa kila kona haina pa kupumzisha jicho.

Hatua ya 5: Kurenda, na hesabu yake

Kurenda ni kuiacha kompyuta ipige hesabu mpaka picha kamili itoke. Hapa piga hesabu yako kwanza. Jaribio la pikseli 800 kwa 600 lina pikseli 480,000. Karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya milioni 17, karibu mara 36. Kwa hiyo jaribio likichukua dakika 2, A3 kwa ubora uleule itachukua zaidi ya saa moja.

Halafu kuna ubora, ambao ni idadi ya miruko kwa kila pikseli. Ukiwa chini, picha ina chembechembe kama mchanga. Ukitaka chembe zipungue nusu, miruko iongezwe mara 4, na muda nao mara 4. Kwa jaribio, ubora wa 50 unatosha. Kwa picha ya mwisho anzia 1000 na uone. Kuna pia namba ya «oversample»: ukiiweka 2 kingo zinalainika, lakini hitaji la RAM linapanda mara 4. Programu ikijifunga katikati ya kazi ya A3, shuku hapo kwanza.

Umeme je? Hiyo A3 ya ubora wa juu inaweza kuchukua usiku mzima, na umeme ukikatika saa kumi alfajiri kwenye kompyuta ya mezani umerudi sifuri. JWildfire ina sehemu ya kurenda inayokuruhusu kusimamisha, kuhifadhi hali ya kazi kwenye diski na kuendelea baadaye. Kwa sababu hiyo peke yake, hata walioanzia Apophysis huhamia huko kwa picha kubwa. Wengine huhamishia kwenye Chaotica, inayorenda kwa ubora mzuri sana; toleo lake la bure lina kikomo cha ukubwa wa picha.

Kabla ya kubonyeza «Render», hifadhi faili la vigezo, lile lenye mwisho wa .flame. Ni maandishi tu, lina ukubwa mdogo kuliko ujumbe wa sauti, na ndilo kazi yako halisi. Picha ni nakala tu. Niliwahi kusafisha diski nikabakiza JPEG pekee, nikidhani picha ndiyo mali. Miezi miwili baadaye mtu akaitaka kwa ukubwa wa ukuta. Nilikesha siku tatu nikiitafuta upya, nikapata binamu zake, yenyewe sikuipata. Tangu hapo kila picha ina folda yake: faili la vigezo, gradienti na jaribio dogo. Vigezo vya wengine navyo vina wenyewe. Wako wasanii wanaovitoa ili vichezewe, lakini soma masharti yao na utaje ulikovitoa.

Hatua ya 6: Pande tatu, ukishakuwa na subira

Mwaka 2009 Daniel White na Paul Nylander walipata umbo la pande tatu lililopewa jina la Mandelbulb, tufe lenye vinundu juu ya vinundu kama koliflawa. Mwaka 2010 Tom Lowe akaleta Mandelbox, sanduku lenye kumbi, nguzo na madirisha yasiyo na mwisho. Programu mbili ndizo zinazotumiwa sana: Mandelbulb 3D, ya Windows, na Mandelbulber ya Mpolandi Krzysztof Marczak, iliyo huria na inayoenda kwenye mifumo yote. Mimi nakuelekeza kwenye Mandelbulber, hasa kama una kadi ya michoro, kwa kuwa inaweza kuitumia. Ukiwa na kompyuta mbili tatu nyumbani zilizounganishwa, inaweza kuzigawia kazi.

Ukifungua utakuta Mandelbulb. Bofya mahali kwenye picha na kamera itasogea huko. Jaribu Mandelbox kwa kipimo cha -1.5, ingia ndani, halafu achana na kanuni ushughulike na taa. Taa moja kutoka ubavuni, na kivuli cha mianya («ambient occlusion») kiwashwe. Bila hicho kivuli kila kitu huonekana kimetengenezwa kwa sabuni. Fanya majaribio yote kwa picha ndogo.

Hatua ya 7: Kumalizia na kuchapisha

Hifadhi kwa PNG, ya biti 16 ikiwezekana. JPEG huacha michirizi kwenye maeneo ambayo rangi inafifia taratibu, na fraktali imejaa maeneo hayo. Fungua kwenye GIMP au Krita, programu za bure za kuhariri picha, rekebisha giza na mwanga, kata fremu, basi. Ukijikuta unahangaika saa nzima kuinoa picha, tatizo liko kwenye ubora wa kurenda.

Rangi za kioo hazifiki zote kwenye karatasi. Bluu ya umeme na kijani kinachowaka, ambazo ndizo tunazozipenda kwenye fraktali, wino wa kawaida hauna uwezo nazo. GIMP na Krita zote zina njia ya kuonyesha picha jinsi itakavyotoka kwenye wino, ukiipa wasifu wa rangi wa mchapaji. Usiposhughulika na hayo, toa kwanza A4 moja ya majaribio kwenye duka lilelile na karatasi ileile utakayotumia. Iangalie nje, kwenye mwanga wa mchana. Weusi ukiwa umemeza nyuzi nyembamba, pandisha mwangaza kidogo utoe nyingine. Bluu ikitoka imepauka, rudi kwenye gradienti uisogeze kuelekea rangi ambayo wino unaiweza, kisha urende upya. Kuivuta bluu hiyo kwa nguvu ndani ya GIMP kutakuletea zambarau.